Bibi wa Sajini

Nyumbani kwa Papa Kyungu, kule Forest, ughaibuni, kulikuwa na vitu viwili ambavyo mgeni hakuruhusiwa kuvigusa: redio ya zamani iliyokaa juu ya kabati, na picha ya harusi iliyoning'inia ukutani juu ya kiti chake. Redio ilikuwa imekufa miaka mingi. Picha, kwa kauli yake mwenyewe, ilikuwa hai kuliko watu wengi aliowajua.

Mwadi, binti yake, alikulia chini ya picha ile. Alimjua babu yake, Sajini Kyungu, kwa namna alivyosimama humo: kifua mbele, kofia mkononi, uso wa mtu anayesubiri amri. Kando yake alisimama bi harusi mwembamba, shela jeupe hadi miguuni, macho ameyainamisha. Watu waliokuja kula bukari, ugali wa kwao, siku za Jumapili walimtazama bi harusi, kisha wakamtazama Mwadi, wakasema, "Macho ni yale yale." Mwadi alipewa jina la mama mzazi wa baba yake, kwa hiyo hakuona ajabu. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu alijifungia bafuni akajizoeza mbele ya kioo kuinamisha macho namna ile, mpaka shingo ikamuuma.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, na Jumapili hiyo saa tisa alasiri alikuwa amemleta Omer aonekane na wazazi.

Omer alikaa mkabala na baba mtu, mikono juu ya magoti, katika suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Alikuwa fundi wa fremu za picha, mwenye duka dogo nyuma ya barabara ya Ixelles. Mwadi aliingia humo mwaka uliopita na cheti chake cha uuguzi, akitaka kukiwekea kioo. Kioo kilimponyoka mkononi kikavunjika vipande vitano, na yeye, aliyekuwa ametoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, akaanza kulia kama mtoto. Fundi hakumkemea wala hakuanza kumbembeleza. Aliinama akaviokota vile vipande kimoja kimoja, akavipanga juu ya meza, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Repos, maman. Repos."

Hilo ni neno la jeshini, neno la kuwaambia askari waliokakamaa kwamba sasa wanaweza kulegea. Mguu pande. Mwadi aliacha kulia papo hapo, maana katika maisha yake yote ni mtu mmoja tu aliyepata kumwambia hivyo, naye ni baba yake. Alirudi dukani siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne hakuwa tena na kitu cha kuwekewa fremu, akaenda hivyo hivyo.

"Bon," alisema Papa Kyungu. "Umekula?"

"Nimekula, Papa. Aksanti."

"Muntu anakula kwa Maman Gracieuse hasemi 'nimekula'. Anasema 'nimeshiba'."

"Nimeshiba, Papa. Tangu sahani ya kwanza."

"Na ya pili je?" aliuliza Maman Gracieuse, mama yake Mwadi, kutoka mlango wa jikoni.

"Ya pili nilikula juu ya heshima, Maman."

Maman Gracieuse alicheka. Papa Kyungu hakucheka, lakini kona ya mdomo wake ilisogea, na Mwadi akaanza kupumua. Baba yake alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha magari, akifunga milango. Alizoea kukisikiliza kitu kikijifunga kabla ya kukipitisha. Watu nao aliwapima hivyo hivyo.

"Donc," akasema. "Weye ni mutoto wa nani?"

"Mutoto wa Jean-Pierre Mwenze, wa Kolwezi. Lakini babu hakutoka Kolwezi, Papa. Mbele alikuwa askari, caporal, katika camp ya Jadotville. Njo kisha akaenda mugodini."

Papa Kyungu aliweka glasi yake chini. Hakuiweka kwa nguvu, ila aliiweka taratibu mno.

"Mwenze gani?"

"Ni huyo tu mumoja, Papa. Caporal Mwenze."

Baba mtu akanyoosha kidole juu ya kichwa chake, kuelekea ukutani, bila kugeuka.

"Nyuma ya hii picha kuko karatasi. Tantine, shangazi aliyenilea, njo aliandika. Mimi naijua kwa kichwa. *Kyungu, bwana. Mwenze, bibi.*"

Kwa watu wa Katanga bibi si nyanya. Bibi ni mke. Mwadi alilielewa neno moja moja, lakini sentensi nzima ilikataa kumwingia.

"Papa, huyu si mama yako? Si Mwadi?"

"Mama yangu alikuwa bibi ya pili. Alikufa mi sijajua hata kutembea, na hakuna muntu aliyemupiga picha. Huyu njo wa kwanza."

"Lakini uliniambia..."

"Sikukuambia. Bantu njo walisema. Mimi nilinyamaza."

"Vingt-neuf ans, miaka yangu yote, unanyamaza, Papa."

"Mutoto wa bibi ya pili hapendi kuhesabu." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja urefu wake. Kisha akamgeukia Omer. "Bibi ya baba yangu alitoka kwa bantu wa Mwenze, kwa hiyo mutoto wa Mwenze ni mutoto wa nyumba ya baba yangu. Alors, baba yako ni ndugu yangu. Na weye uko mutoto yangu. Mwadi ni mutoto yangu. Unataka nifanye nini? Nioze mutoto yangu kwa mutoto yangu?"

Jikoni sufuria ilifunikwa. Mwadi alitaka kusema kitu, chochote, lakini kwanza alimtazama Omer, ili huzuni yao iwe moja.

Omer hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama picha. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka, na mkono mmoja ameuziba nao mdomo. Mwadi alidhani analia. Akatazama tena.

Alikuwa anacheka.

"Unamucheka bibi ya baba yangu?" Papa Kyungu aliuliza polepole.

"Hapana, Papa. Nisamehe, Papa." Omer alisimama, akajifuta macho kwa kiganja. "Tangu niingie naona hii sura, nasema, huyu muntu namujua, namujua wapi? Papa, huyu hakuwa bibi ya muntu. Huyu ni babu yangu."

Maman Gracieuse alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Babu yako alikuwa mwanamuke?"

"Siku moja tu, Maman. Siku ya Noël, ya Krismasi."

Akaeleza, na aliposimulia sauti yake haikupanda. Kambini, alisema, askari walikuwa na mchezo wao wa kuigiza. Wakubwa walikaa mbele kwenye viti, wake za askari walisimama pembeni pamoja na watoto, na jukwaa lilikuwa masanduku ya risasi yaliyopangwa na kufunikwa turubai. Mwanamke hakuruhusiwa kupanda juu yake. Basi palipohitajika bi harusi, walimtafuta askari mwembamba asiye na ndevu, na mtu huyo alikuwa Koplo Mwenze. Shela lilikuwa chandarua. Hadithi yenyewe ilikuwa ya bwana harusi mwenye haraka, anayepeleka mbuzi mmoja tu ukweni badala ya mbuzi watano, na mama mkwe anayemkatalia.

"Babu alituchezea huo mchezo mpaka uzee," alisema Omer. "Anavaa nappe, kitambaa ya meza, anainamisha macho hivi. Bibi wake, yule wa kweli, anakasirika. Anasema, 'Mwenze, vua hiyo kitu, bageni banakuja.' Picha yenyewe hatukuiona hata siku moja. Babu alisema ilikwenda na sajini wake, yule bwana-arusi. Na kila mara alituonyesha pahali yule sajini alisahau maneno."

"Maneno gani?" aliuliza Mwadi.

"Bi arusi anapiga magoti, analia, sababu mama yake anakataa. Bwana anapashwa kusema maneno marefu, matamu. Lakini sajini anaona macho ya commandant pale mbele. Maneno yote inakimbia. Anasimama tu vile. Mwisho anatafuta katika kichwa chake yote, anapata neno moja tu." Omer alimtazama Mwadi, na ule mtazamo ukamrudisha dukani, kwenye vipande vya kioo vilivyopangwa mezani. "Anasema, *Repos.*"

Maman Gracieuse alishusha mwiko.

"Bantu walicheka mpaka viti vikaanguka," Omer akaendelea. "Lakini babu alisema, yule sajini alilisema pole pole, kabisa pole pole, sawa vile muntu anamwambia mwanamuke anayemupenda kweli. Tangu siku ile kwetu ni hivyo. Mutoto akiogopa, unamwambia repos."

Mwadi alimgeukia baba yake. Papa Kyungu alikuwa ameshika mikono ya kiti. Mwadi alijua anaona nini, kwa sababu alihadithiwa: kituo cha treni, mtoto wa miaka minne analia, mkono mzito wa mwanamume aliyevaa sare unatua kichwani. *Repos, mwana. Repos.* Kisha treni ikaondoka, na baba hakurudi. Hilo neno lilikuwa kumbukumbu nzima aliyokuwa nayo.

"Kila askari anajua hilo neno," alisema baba mtu.

"Ni kweli, Papa. Sisemi hiyo ni ushahidi."

Jibu hilo lilimpendeza mzee bila yeye kutaka. Mwadi aliliona likipita usoni mwake.

"Lakini niko fundi wa fremu," Omer aliendelea, "na kuko kintu kimoja naona tangu sahani ya kwanza. Picha za wakati ule zinakuwa na ukingo mweupe pande zote. Angalia, Papa. Juu iko. Chini iko. Kushoto iko. Kuume, hakuna. Picha inaishia kwa kiwiko ya bi arusi, tshwa. Kama waliikata, basi, imekwisha, sina neno. Lakini kama waliikunja ili iingie katika hii fremu ndogo, kuko bantu wengine nyuma, wanangojea."

"Haifunguliwi."

"Papa..."

"Tantine aliniachia hivyo. Nimetoka nayo Kolwezi nimeifunga kwa kifua. Nyumba ya kwanza hapa tulilala chini, hatuna kitanda, lakini yenyewe ilikuwa ukutani. Mimi sina baba mwingine. Niko na huyu. Muntu akifungua na ikapasuka, nitabaki na nani?"

Mwadi aliinuka. Hakuwa amepanga kuinuka. Alivua viatu, akazunguka kiti cha baba yake, akapanda juu ya mkono wa kushoto wa kile kiti, mahali ambapo hata yeye hakupata kukaa tangu azaliwe, akaishika picha kwa mikono miwili.

"Mwadi, shuka."

"Nitashuka nayo, Papa."

"Mwadi."

"Nimebeba jina ya mama yako. Tangu utoto najitafuta katika huyu muntu. Banasema macho ni yale yale, nami naitika. Niko na haki ya kujua nilikuwa naitika nani." Alimtazama kutoka juu. "Nawe pia, Papa. Umemuwekea mama yako namba deux, ya pili, miaka yote hii. Kama ni kweli, tutarudisha picha kwa musumari. Kama si kweli, unamwacha mama yako nyuma ya koplo."

Hapakuwa na mtu katika nyumba ile aliyekuwa amewahi kusema na Papa Kyungu hivyo. Maman Gracieuse alitazama dari, kama mtu anayeona mvua inakuja na nguo ziko nje.

"Bon," alisema baba mtu mwishowe. "Lakini sikia. Kama ni arusi ya kweli, huyu kijana atapita mulango ule, na weye hutamufuata. Wala leo, wala kesho. Unakubali?"

"Nakubali."

Alishuka na picha kifuani. Omer alikuwa amesogea karibu kumpokea, na kwa muda wa pumzi moja nyuso zao zilikaribiana juu ya kioo.

"Unajua umekubali nini?" Omer alimnong'oneza.

"Najua. Kwani weye hujui babu yako?"

Omer akatabasamu. "Namujua."

Alivua koti. Alimwomba Maman Gracieuse kitambaa safi, akakitandaza mezani, akailaza picha kifudifudi. Kisu kidogo kilitoka mfukoni, maana fundi haachi kisu hata akienda ukweni. Karatasi ya kahawia ilikuwa pale, na maandishi ya tantine juu yake. Hakuichana, aliilegeza gundi pembeni kwa ncha ya kisu, akaitoa nzima, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. Kisha misumari. Kila msumari mdogo aliokuwa akiung'oa aliuweka mezani kwa mstari, wa juu juu, wa chini chini. Ilikuwa misumari kumi na minne. Mwadi aliihesabu yote, kwa kuwa hakuthubutu kutazama kitu kingine. Baada ya msumari wa kumi alitambua kwamba haogopi. Mtu anayepanga misumari hivyo, aliwaza, hatampotezea mtu baba yake.

Ubao wa nyuma ulitoka. Picha ililala mgongo juu.

Upande mmoja ulikuwa umekunjwa. Kipande cha upana wa vidole vinne kililala juu ya mgongo wa picha, bapa kama kwamba hakikupata kuinuka tangu siku kilipolazwa.

Papa Kyungu alishika ukingo wa meza.

"Fungua."

"Nitafungua kidogo, Papa. Nikifungua yote itavunjika kwa mukunjo. Yote tutafungua dukani, na karatasi yenye maji, siku mbili, tatu. Leo tutachungulia."

Akaingiza ncha ya kisu, akainua kile kipande mpaka kikasimama kama mlango ulio wazi nusu. Kwanza yalionekana maandishi mgongoni, kalamu ya zambarau. Papa Kyungu alitafuta miwani mfukoni, akaikosa, nayo ilikuwa kichwani. Maman Gracieuse alimsogeza kwa kiwiko akasoma mwenyewe, herufi kwa herufi.

"*Théâtre ya askari. Noël 1955.* Chini yake... *Kyungu, bwana. Mwenze, bibi.*" Alifuata kwa kidole mstari wa chini. "*Tshibangu, mama-mukwe. Kalenga...*" Akainama zaidi. "*Kalenga, mbuzi.*"

"Mbuzi?" alisema Papa Kyungu.

Omer aliinua picha nzima, akaigeuza bila kuinyoosha, na wote wakainamisha vichwa kuchungulia ule upande uliokuwa gizani miaka sabini. Palikuwa na mama mkwe mnene, kitenge kiunoni, mkono mmoja juu akikataa. Miguuni pake palikuwa na mbuzi mwenye pembe za kamba na ngozi mgongoni, anatafuna ncha ya shela.

"Huyu mama-mukwe eko na ndevu," alisema Maman Gracieuse.

"Na mbuzi anavaa viatu vya jeshi," alisema Mwadi.

Alianza kucheka yeye, akafuata mama yake, na kicheko kilipowashika hakikuwaachia. Maman Gracieuse alilazimika kuketi juu ya kiti cha mume wake, ambacho siku hiyo kilikuwa kimepoteza sheria zake zote. Papa Kyungu hakucheka. Alikuwa ameshusha miwani machoni, akiitazama sehemu ya nyuma kabisa ya kile kipande. Huko, nyuma ya mbuzi, wake za askari walisimama safu mbili, nyuso ndogo kama punje za mahindi, vinywa wazi kwa kicheko.

"Mama yangu eko humu," alisema.

Hakuonyesha ni yupi. Hakuna aliyemuuliza. Mwadi alikaribia akamshika mkono, na mkono ule uliofunga milango ya magari maelfu ukamshika wake kwa nguvu.

"Hakuna namba," alisema baba yake, kama anayejisemea. "Donc hakukuwa na namba deux."

"Hakukuwa, Papa."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha akajinyoosha, akamgeukia Omer, kifua mbele, na kwa mara ya kwanza Mwadi aliona ni kiasi gani alifanana na yule sajini.

"Utatengeneza fremu nyingine. Pana. Mbuzi aonekane."

"Ndiyo, Papa."

"Ndevu za mama-mukwe nazo."

"Zote, Papa."

"Na safari nyingine usikuje peke yako. Kuja na tonton, mujomba yako, na bantu wa kwenu, tuzungumuze sawa bantu. Na usilete mbuzi mumoja. Umeona vile ilikwenda."

Omer alisimama pale bila koti, mikono imeshikamana na mapaja, amekakamaa tangu visigino hadi shingo, mtu aliyekuwa mtulivu saa nzima na sasa, alipokwisha kupewa, ndipo amejua alikuwa karibu kukosa nini. Aliinamisha macho.

Mwadi akayaona. Yalikuwa macho yale yale. Kope zile zile, mwinamo ule ule wa shingo. Uso aliolala chini yake utotoni, aliojizoeza mbele ya kioo mpaka shingo ikamuuma. Miaka yote ile alidhani anajitafuta mwenyewe ukutani. Kumbe alikuwa anamwangalia huyu.

Papa Kyungu alipiga hatua moja, akaweka mkono wake mzito juu ya bega la mjukuu wa koplo.

"Repos," alisema, pole pole, kabisa pole pole.